Kudai matunzo na hifadhi ya mtoto: mwongozo kwa wazazi na walezi wa Mtwara na Lindi

Kila mwaka minada ya korosho inapokaribia kufunguliwa, benchi la nje ya chumba tunachofanyia kazi wasaidizi wa kisheria hujaa watu, na maswali wanayokuja nayo ni yale yale. Mama anauliza aanzie polisi au mahakamani. Bibi anayelea wajukuu watatu anauliza kama yeye, ambaye si mzazi, ana haki ya kudai chochote. Baba anauliza kama analazimika kutoa pesa ilhali haruhusiwi hata kumwona mwanawe. Nimeandika mwongozo huu ili mtu afike kwa Afisa Ustawi wa Jamii au mahakamani akiwa na karatasi zake mkononi, kwa kuwa kinachochelewesha mashauri mengi ninayoyaona ni maandalizi hafifu ya mwombaji mwenyewe.

Sheria utakayoitegemea zaidi ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara. Kwa mujibu wake, mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na wazazi wake wana wajibu wa kumpatia chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, na elimu, wawe walioana au hawakuoana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaingia pale ambapo kuna ndoa inayovunjwa. Katika zote mbili, hakimu anaangalia kwanza maslahi ya mtoto.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo ni lazima nilitaje mapema. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao tumezoea kuhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya watoto wa dada yake. Nauheshimu utaratibu huo, nami nimelelewa ndani yake. Hata hivyo, baba anayesimama mbele ya hakimu na kusema kwamba mtoto ni wa ukoo wa mama yake, hivyo wajomba wamlee, hajajitoa katika wajibu wake hata kidogo, na mama hapaswi kurudi nyumbani kwa kukatishwa tamaa na maneno hayo.

Maneno matatu yatumie bila kuyachanganya. Matunzo ni gharama za kumlea mtoto. Hifadhi ni haki ya kukaa na mtoto na kumwangalia siku hadi siku. Haki ya kumwona mtoto ni ya mzazi asiyekaa naye. Unaweza kuomba kimoja au vyote, lakini lazima useme ni kipi.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

- Cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kama hana na bado hajatimiza miaka mitano, uliza katika kituo cha afya au ofisi ya kata kuhusu usajili wa watoto wa umri huo, ambao cheti chake hutolewa bila malipo. Kwa mkubwa zaidi, nenda ofisi ya wilaya ya RITA, yaani wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo.
- Kadi ya kliniki, hasa yenye jina la baba.
- Cheti cha ndoa au cha talaka, kama kipo.
- Kitambulisho chako cha Taifa au cha mpiga kura, na barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji.
- Jina kamili la unayemdai, kijiji au mtaa anaoishi, kazi yake na namba yake ya simu.
- Ujumbe wa simu wa kutuma pesa na stakabadhi za matumizi yoyote ya mtoto.
- Daftari jipya la kurasa 40 na kalamu.

Toa nakala mbili za kila karatasi na uzihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki. Mwaka juzi mama mmoja alikuja wakati wa masika akiwa amekunja kadi ya kliniki ya mwanawe ndani ya pindo la kanga. Alipoikunjua mezani, wino wa jina la baba ulikuwa umesambaa na kubaki doa la bluu. Ilitubidi kurudi zahanati kutafuta rejista ya siku ile, na kazi hiyo ilitugharimu wiki tatu.

HATUA ZA KUFUATA

1. Tambua shauri lako ni la aina gani.

Kama hamkuoana, au mlioana lakini huombi talaka, na unachotaka ni matunzo au hifadhi tu, maombi yako yanakwenda kwenye Mahakama ya Watoto, ambayo husimamiwa na hakimu mkazi. Uliza kwenye masijala ya mahakama ya wilaya yako ni wapi na siku zipi inakaa. Kama unaomba talaka, masuala ya watoto yataamuliwa ndani ya shauri hilo hilo la ndoa, ambalo linaweza kuanzia hata Mahakama ya Mwanzo.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Anayeomba talaka anahitaji kwanza kupita Baraza la Usuluhishi la Ndoa na kupewa hati inayoonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana, nayo hati hiyo isiwe na umri wa zaidi ya miezi sita siku ya kufungua shauri. Anayeomba matunzo ya mtoto pekee hahitaji hati hiyo, kwa hiyo usikubali kuzungushwa kwenye mabaraza miezi minne kwa ajili ya chakula cha mtoto. Kwa Waislamu walioachana mbele ya masheikh, talaka mliyoandikiana haimalizi suala la watoto, na bado unaweza kudai matunzo yao mahakamani.

Kama hamkuoana, usikawie. Maombi dhidi ya mwanamume unayedai kuwa ndiye baba yanaweza kufunguliwa tangu wakati wa ujauzito au ndani ya miezi 24 tangu mtoto azaliwe. Ikiwa muda huo umepita, uthibitisho kwamba alikuwa akitoa pesa za matunzo ndani ya miezi hiyo 24 unaweza kukufungulia mlango, na ndiyo maana ule ujumbe wa simu wa miaka mitatu iliyopita wa shilingi 10,000 usiufute.

2. Andika gharama za mtoto kwenye daftari.

Fanya hivyo kwa mwezi mmoja mzima kabla ya kwenda popote. Gawa ukurasa kwa mistari minne: tarehe, kitu, kiasi, na kama una stakabadhi au huna. Mfano wa ukurasa mzuri ni huu:

3 Machi, unga kilo 5, shilingi 8,000, hakuna stakabadhi.
7 Machi, dawa ya malaria, shilingi 6,500, stakabadhi ipo.
12 Machi, sare ya shule shati na kaptula, shilingi 18,000, stakabadhi ipo.
15 Machi, mafuta ya kula, sabuni na mafuta ya kupaka, shilingi 9,000, hakuna stakabadhi.

Andika sehemu ya mtoto tu. Kama nyumba ina watu watano na umenunua kilo 10 za mchele, usiziandike zote kwa jina la mtoto mmoja, kwa sababu upande wa pili utakuuliza swali hilo hilo mbele ya hakimu, na ukishindwa kulijibu, daftari lote litapoteza imani. Gharama zinazokuja mara moja kwa mwaka, kama sare, viatu na madaftari ya Januari, ziandike kwenye ukurasa wa peke yake.

3. Kusanya ushahidi wa kipato, na uufuate msimu.

Hatua hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote, kwa kuwa miongozo mingi imeandikwa kwa kumfikiria mtu anayepokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Mkulima wa Tandahimba, Newala au Ruangwa hana mshahara. Ana msimu wa korosho unaoanza karibu na Oktoba, ufuta wa katikati ya mwaka, na pengine mbaazi baada yake. Mvuvi wa Kilwa au Mikindani ana bahari inayofunguka na kufunga kwa upepo. Ukimuuliza mtu wa namna hiyo mbele ya hakimu mwezi wa Machi kama ana pesa, atasema hana, na atakuwa anasema kweli. Ukiomba alipe shilingi 90,000 kila mwezi, atashindwa mwezi wa pili, nawe utabaki na amri nzuri isiyolipika.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Kwanza, onyesha pesa inapoingia. Korosho za mfumo wa stakabadhi ghalani hupita kwenye chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, yaani AMCOS, zikapimwa, zikaandikwa kwa jina la mkulima, na malipo yakapita benki. Jina la AMCOS anayouzia, namba ya mkulima kama unaijua, idadi ya mikorosho na mahali shamba lilipo, yote yaandike. Huwezi kuiamuru AMCOS ikupe taarifa za mtu mwingine, lakini unaweza kuiomba mahakama imwite kiongozi wa chama alete kumbukumbu za mauzo. Kwa mvuvi, taja mwalo anaoshukia na kama chombo ni chake au ni kibarua. Kwa mwenye bodaboda, taja kijiwe chake na kama pikipiki ni yake au ya mkataba.

Pili, omba malipo yanayofanana na msimu huo. Sheria inairuhusu mahakama kuagiza malipo ya vipindi au ya mkupuo. Chukua mfano wa mtoto ambaye gharama unazomdai baba ni shilingi 90,000 kwa mwezi, sawa na 1,080,000 kwa mwaka. Unaweza kuomba alipe 40,000 kila mwezi, ambazo kwa mwaka ni 480,000, na zile 600,000 zilizobaki azilipe kwa mkupuo ifikapo tarehe 31 Desemba, wakati malipo ya korosho yameshaingia. Mashauri niliyoyaona yakidumu kulipwa ni yale yaliyopangwa hivi.

Kumbuka kwamba hakimu atapima kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine ambao kila mmoja anawahudumia, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Nawe utaulizwa kipato chako. Mama mwenye mikorosho yake aiseme.

4. Nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii.

Kila halmashauri ina ofisi ya ustawi. Afisa atamwita mzazi mwenzako, atawasikiliza wote wawili na kujaribu kuwapatanisha. Mkielewana, hakikisha makubaliano yameandikwa, yana kiasi, tarehe na njia ya malipo, na yamesainiwa na nyote pamoja na mashahidi. Omba nakala yako siku hiyo hiyo. Msiposikizana, omba barua inayoeleza kilichofanyika.

Makubaliano ya ustawi ni mazuri, lakini hayana nguvu ya amri ya mahakama. Mtu akiyavunja, afisa hawezi kukamata korosho zake. Mpe miezi miwili, si miaka miwili. Afisa huyu pia ana nafasi yake baadaye, kwa kuwa mahakama inaweza kumwagiza atembelee nyumba zote mbili na kuandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Akija kwako, usipange maigizo. Atakachotaka kuona ni mahali mtoto anapolala, anakula nini na anakwenda shule gani.

Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ni mahali pa kukimbilia kama mtoto anapigwa, anafanyiwa ukatili au amechukuliwa kwa nguvu. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, nayo haitozwi.

5. Tafuta msaada wa kisheria.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huduma yao hairuhusiwi kutozwa. Msaidizi anaweza kukueleza sheria, kukusaidia kuandaa nyaraka na kukuelekeza kwa wakili wa msaada, ila hawezi kusimama mahakamani kukutetea kama wakili. Akikudai pesa ya huduma, mripoti kwa msajili msaidizi katika halmashauri yako.

6. Fungua maombi.

Maombi yaseme wewe ni nani, mtoto ni nani na ana umri gani, uhusiano wako naye, uhusiano wake na unayemdai, na unaomba nini hasa. Bibi, shangazi au mtu mwingine anayekaa na mtoto anaweza kuomba matunzo, na baba anaweza kumdai mama vilevile. Ambatisha kiapo na nakala za vielelezo, ukibaki na karatasi halisi mwenyewe. Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, kwa hiyo usimlipe mtu wa mjini akuandikie kwa Kiingereza kwa madai kwamba ndivyo inavyotakiwa.

Ada, kama ipo, hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, kamwe si mkononi mwa mtu. Usipoimudu, mwambie karani kwamba unaomba msamaha wa ada na uje na barua ya mtendaji au ya mtoa msaada wa kisheria inayoeleza hali yako.

7. Hakikisha wito umemfikia.

Shauri haliendi kama mjibu maombi, yaani yule unayemdai, hajapata wito. Mpeleka wito atahitaji kuelekezwa mahali, na mtu wa mashamba ya Liwale au Nanyumbu hapatikani kwa kutajwa jina la kijiji tu. Andika kitongoji, jina la balozi wa nyumba kumi na mti au duka lililo karibu. Fuatilia masijala wiki moja kabla ya tarehe.

8. Jiandae kwa siku ya kusikilizwa.

Mahakama ya Watoto hukaa faragha, bila watu wa nje, na mazungumzo yake si ya ukali wa kesi za jinai. Mwite hakimu "Mheshimiwa". Jibu ulichoulizwa. Usianze na historia ya jinsi mlivyotongozana wala mwanamke aliyekuja baada yako, bali anza na mtoto: ana umri gani, anaishi wapi, anahitaji nini, na mara ya mwisho kupokea chochote kutoka kwa mzazi mwenzako ilikuwa lini.

Kama unaomba hifadhi, jua kwamba sheria inachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka saba ni vyema akae na mama yake, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na mahakama inaangalia pia madhara ya kumhamisha mtoto alikozoea. Itazingatia maoni ya mtoto anayeweza kujieleza, na uzuri wa ndugu kukaa pamoja. Usimfundishe mtoto la kusema. Nimemwona mvulana wa miaka tisa akikariri sentensi nzima kwa sauti ya mama yake, kisha akaulizwa swali moja dogo la nyongeza, akanyamaza na kutazama sakafu. Sauti yake ya kweli haikusikika siku ile, na yeye ndiye aliyeumia.

9. Chukua nakala ya amri.

Omba nakala siku ya uamuzi, kwa kuwa muda wa kukata rufaa huhesabiwa kwa siku na haukusubiri. Soma kama kiasi, tarehe na njia ya malipo vimeandikwa sawasawa. Omba malipo yapite benki au kwa simu ili yaache alama. Mlipaji naye anufaike na ushauri huu: baba anayetoa pesa mkononi chini ya mwembe bila shahidi atashindwa kuthibitisha kwamba alitoa.

MAKOSA YANAYOWAGHARIMU WATU

Usimzuie mtoto kumwona mzazi wake kwa sababu hajatoa pesa, na usizuie pesa kwa sababu umenyimwa kumwona. Haya ni mambo mawili, kila moja lina ombi lake, na anayeyafunga pamoja humpa mwenzake silaha. Usimnyakue mtoto shuleni au kwa bibi yake, maana kumwondoa kwa mtu anayekaa naye kihalali kumekatazwa na sheria, hata kama wewe ni mzazi. Usikubali pia kuandikiana kwamba baba atoe kiasi fulani mara moja na asidaiwe tena. Haki ya matunzo ni ya mtoto, na wewe huna mamlaka ya kuiuza.

MAMBO YAKIKWAMA

Anakana mtoto. Omba mahakama iamue kwanza suala la uzazi. Jina lake kwenye rejista ya vizazi na kumtambua mtoto hadharani ni ushahidi, na mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba, yaani DNA, kinachofanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Huwezi kujipeleka mwenyewe. Ombi lipitie mahakama, Afisa Ustawi, wakili au mamlaka nyingine inayotambuliwa. Akikataa kupimwa, kukataa huko nako huzingatiwa.

Amehamia Dar es Salaam au hapatikani. Tafuta anwani kwa ndugu zake au kwa mwajiri, kisha iombe mahakama iruhusu wito umfikie kwa njia nyingine.

Ana amri lakini halipi. Rudi mahakamani na maombi ya kukaza hukumu, yaani ya kuilazimisha amri itekelezwe, ukiwa na orodha ya miezi asiyolipa na mali unazozijua. Mahakama inaweza kuagiza mali yake ikamatwe au makato yafanyike kwenye mshahara. Peleka maombi hayo kabla ya malipo ya korosho hayajaingia, maana ukifika Februari pesa imeshageuka bati, pikipiki na sherehe za unyago. Kumnyima mtoto mahitaji yake ni kosa pia, ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni tano au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili, ingawa mimi huwashauri watu waanze na kukaza hukumu, kwa kuwa baba aliye mahabusu hapalilii mikorosho.

Hali imebadilika. Mtoto amefaulu kwenda sekondari ya bweni, au mlipaji ameugua, au bei ya korosho imeanguka. Kila upande unaweza kuomba amri irekebishwe, na kwa mtoto anayeendelea na masomo mahakama inaweza kuongeza muda wa matunzo hata baada ya miaka 18. Anayeomba marekebisho aje na daftari la mwezi uliopita, kwa sababu hakimu atalilinganisha na lile la kwanza ukurasa kwa ukurasa.